Nusu saa ya mjamzito

Hotuba ya mkunga kwa akina mama, waume zao na wakwe, mjini Tanga. Imehaririwa kidogo ili isomeke vizuri.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Akina baba mliokuja, karibuni sana, na mliojibanza karibu na mlango sogeeni ndani, maana sehemu kubwa ya maneno ya leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi kwa mama mjamzito. Nadhani mwenyekiti alitegemea niseme kwamba mazoezi yanarahisisha kujifungua, mpige makofi, twende tukanywe chai. Lakini mimi aliyenileta hapa si binti wa miaka 25 mwenye tumbo. Ni mwanamke wa miaka 50. Nataka tumtazame huyo: presha yake, sukari yake, magoti yake, na mkojo unaomponyoka akicheka. Mengi ya hayo yalianza kujionyesha alipokuwa na mimba. Yaliandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, kwa kalamu, na hakuna aliyerudi kuyasoma.

Gari likiwa na hitilafu, barabara tambarare ya kwenda Pangani hailiumbui. Lipakie mzigo, ulipandishe kutoka Mombo kwenda Lushoto, ndipo utajua injini ikoje. Mimba ndiyo mlima wenyewe. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Moyo unasukuma damu zaidi kwa asilimia 30 hadi 50, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini yako isifanye kazi vizuri, makusudi, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate chakula chake. Kongosho inabidi lizalishe insulini nyingi zaidi. Kwa wengi linaweza. Kwa wengine linashindwa, sukari inapanda, na hicho ndicho kisukari cha mimba. Kwa wengine ni mishipa ya damu inayoshindwa kuupokea mzigo: presha inapanda, protini inaonekana kwenye mkojo, na tusipowahi tunafika kwenye kifafa cha mimba.

Mama akijifungua, mara nyingi sukari inashuka na presha inashuka. Nyumba nzima inashukuru Mungu, na ni haki yao. Lakini gari limeshuka mlimani, halijatengenezwa.

Sasa takwimu, na nawaomba mnivumilie kidogo. Mwaka 2020 ulitolewa uchambuzi uliojumlisha wanawake zaidi ya milioni 1.3 kutoka tafiti mbalimbali. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba alikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu karibu mara 10 ya mwenzake ambaye mimba yake haikuwa na sukari. Kwa aliyepata presha ya mimba ile yenye protini kwenye mkojo, hatari ya kuishia na presha ya kudumu ni kama mara tatu na nusu hivi au zaidi, na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi ni kama mara mbili. Tangu mwaka 2011 chama cha wataalamu wa moyo cha Marekani kinahesabu matatizo hayo mawili miongoni mwa vihatarishi vya moyo kwa mwanamke, pamoja na sigara na unene. Yaani daktari wa moyo akikutana na mama wa miaka 50, swali mojawapo la kumuuliza ni hili: mimba zako zilikuwaje?

Nani hapa amewahi kuulizwa hivyo na daktari wa presha? Nyoosheni mikono. Mmoja. Wawili. Haya.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Mwaka 2018 watafiti wa Canada walikusanya tafiti nyingi za majaribio kuhusu mazoezi kwa wajawazito wasio na matatizo, na mwaka uliofuata nchi yao ikatoa mwongozo mpya. Walichokiona ni kwamba mazoezi yenyewe tu, bila dawa wala kubadilishiwa chakula, yalipunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na presha ya mimba kwa kiasi cha asilimia 40. Na kiwango kilichohitajika ili hatari hiyo ipungue kwa angalau robo si cha mwanajeshi: kama dakika 140 za kutembea haraka kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema angalau dakika 150 kwa wiki. Gawanyeni kwa siku tano mnapata nusu saa. Basi. Nusu saa ndiyo ninayoiombea leo.

Lakini nisiuze dawa kama wale wa sokoni wenye kipaza sauti. Asilimia 40 si asilimia 100. Allyson Felix wa Marekani, mkimbiaji mwenye medali za Olimpiki kushinda karibu wanawake wote waliowahi kukanyaga uwanja, alipata presha kali ya mimba mwaka 2018 akafanyiwa upasuaji akiwa na wiki 32. Kama kukimbia kungekuwa hirizi, yeye angekuwa salama kuliko sisi sote. Alikwenda kliniki, presha ikaonekana, wakamwahi, yeye na mtoto wake wakapona. Kwa hiyo anayefanya mazoezi bado anahudhuria kliniki. Mahudhurio ni manane, na mazoezi hayajalipia hata moja.

Na kwa wale mnaodhani mwili wa mwanamke ukishazaa umekwisha, jirani zetu Wakenya wanayo majibu. Vivian Cheruiyot alizaa mwaka 2013, na 2016 akachukua dhahabu ya mita 5,000 kule Rio. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi, akashinda Olimpiki tena na tena na kuvunja rekodi za dunia. Sisemi mkimbie kama Faith. Nasema mwacheni mtu akatembee hadi baharini na kurudi.

Ninajua kwa nini watu wanaogopa. Hata madaktari waliogopa. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema mapigo ya moyo ya mjamzito anayefanya mazoezi yasizidi 140 kwa dakika, na mazoezi ya nguvu yasizidi dakika 15. Dunia nzima ikanukuu. Mwaka 1994 walikiondoa kikomo hicho wenyewe, kwa kuwa hakikuwa na ushahidi wa kukibeba. Lakini katazo likishatoka mdomoni mwa daktari huwa halirudi kirahisi. Bado naletewa hapa mjini na watu ambao mwaka 1985 walikuwa hawajazaliwa.

Huku kwetu tuna yetu. Usinyooshe mikono juu kuanika nguo, kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Usitembee sana, mimba itaporomoka. Kula kwa ajili ya watu wawili. Halafu ikifika mwezi wa tisa maneno yanageuka ghafla: tembea, panda ngazi, deki nyumba, fungua njia! Na ushauri mwingine wa mwezi wa tisa siwezi kuutaja mbele ya wazee. (Kicheko.) Yaani mtu miezi minane amefichwa ndani kama mwali, mwezi wa tisa anaambiwa akimbie. Mwili hauendi hivyo.

Kitovu kinamzunguka mtoto kwa sababu mtoto anageuka geuka mle ndani, si kwa sababu umeanika kanga. Na mimba nyingi zinazoharibika miezi ya mwanzo huharibika kwa kasoro za kijenetiki ambazo hakuna mtu aliyezisababisha kwa kutembea. Hili naliomba lifike kwa mama wakwe, kwa heshima zote. Mwanamke amepoteza mimba, yuko chini, na anaambiwa "si nilikwambia usiende matembezi?" Tafiti zilipochunguzwa pamoja, mazoezi ya wastani hayakuonekana kuongeza kuharibika kwa mimba. Hiyo lawama mwondoleeni.

Hata lile agizo la "lala tu kitandani, usinyanyuke", tulilolitoa sisi wauguzi na madaktari kwa miaka mingi, halijaonekana kuzuia mimba kuharibika wala mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Na kulala muda mrefu kunaleta hatari yake: damu kuganda miguuni. Sisemi mtu ambishie daktari wake. Muulizeni tu: ninalazwa kwa sababu gani, hadi lini, na ninaruhusiwa kufanya nini?

(Hapa baba mmoja aliomba kuuliza: mke wake anachota maji, analima, anauza mihogo. Hayo si mazoezi?)

Ahsante sana kaka. Nilikuwa nakusubiri wewe.

Hapana. Na hili lina ushahidi wake. Kubeba vitu vizito mara nyingi kwa siku, kusimama masaa mengi na kazi za zamu za usiku vimehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, wakati mazoezi ya hiari hayajahusishwa na hilo. Mwili ni ule ule, jasho ni lile lile, kwa nini matokeo ni tofauti? Tazameni ndoo ya lita 20. Ni kilo 20 za maji kabla hujahesabu ndoo. Mama anaitwika, shingo inakaza, mgongo unakaza, anabana pumzi akiinyanyua, tumbo linabanwa, na misuli ile ya chini inasukumwa. Hawezi kuitua katikati ya njia kwa sababu amechoka, maana nani atamtwika tena? Akifika anawasha moto. Akimaliza moto anainama kufua. Kazi haimuulizi kama anaumwa leo. Anayetembea kwa raha yake anaenda mikono mitupu, anapumua, misuli inakaza na kulegea, na akisikia kizunguzungu anakaa chini ya mti. Akimaliza anapumzika.

Neno kubwa ni hilo la kupumzika. Kwa hiyo kaka yangu, sikuambii mkeo aongeze nusu saa ya mazoezi juu ya ndoo na jembe. Huo ungekuwa ukatili. Nakuambia nusu saa yake itoke kwenye ndoo. Ndoo mbili za jioni zibebwe na mtu mwingine: wewe, kijana wako, au mwenye toroli umlipe. Yeye avae raba atembee. Na wewe mama mkwe, akirudi usimkute mlangoni na maneno ya "mke wa mtu anazurura." Mwambie tu, pole na matembezi. Wanawake wengi ninaowafahamu hawakushindwa mazoezi kwa uvivu. Walishindwa kwa sababu nyumbani kwao hakuna nusu saa inayoitwa ya kwao.

Tuje kwenye kutembea kwenyewe. Hapa Tanga joto si mchezo, na mjamzito hatakiwi kuupasha mwili sana, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo nendeni baada ya swala ya alfajiri kukishapambazuka, au jioni jua likishapoa. Kutoka Ngamiani kushuka baharini ni matembezi mazuri, na ukielekea Raskazone unapata upepo. Maji ya kunywa mkononi. Raba, si kandambili. Kandambili inakufanya ukunje vidole kuishikilia, na nyonga ambazo tayari zimelegezwa na homoni zinalipa gharama. Sidiria inayoshika vizuri. Baibui si kizuizi, mradi lisikusanyike miguuni.

Kipimo cha mwendo hakihitaji mashine. Nenda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na shoga yako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba kaswida nzima bila kukata pumzi, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Aliyekuwa hajazoea kabisa aanze na dakika 10 na aongeze kidogo kidogo kila wiki. Aliyekuwa akikimbia na klabu za jogingi kabla ya mimba anaweza kuendelea, tumbo lenyewe litamwambia lini apunguze.

Na baiskeli. Najua ninaongea na mji wa baiskeli, na najua wapo watakaonuna. Kupiga pedali hakuna tatizo. Tatizo ni kuanguka. Tumbo likikua, uzito unahamia mbele, na bodaboda wa barabarani hawajui una mimba. Tumbo likishaonekana, baiskeli ipumzike. Anayependa maji aogelee, au atembee tu ndani ya bahari maji yakiwa kiunoni, mahali anapopajua na akiwa na mwenzake. Miguu iliyovimba inashukuru sana.

Kutembea peke yake hakutoshi. Misuli nayo inahitaji kitu. Kaa kwenye kiti, nyanyuka bila kushika popote, kaa tena polepole. Fanya mara 10. Ukishaweza, jaribu kutoka kwenye kigoda cha chini, kile cha mbuzi ya kukunia nazi, bila kusukuma magoti kwa mikono. Huyo ni mtihani hata kwa asiye na mimba, na wazee hapa mbele wanajua ninachosema. Halafu simama mkabala na ukuta, weka viganja, jisogeze na kujisukuma. Huo mkono utambeba mtoto miaka miwili, lazima uandaliwe. Zaidi ya miezi mitatu usifanye mazoezi ya kulala chali; mfuko wa uzazi unaubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na unaweza kusikia kizunguzungu. Ukitaka kuamka kitandani, geukia ubavu kwanza, weka mkono, ndipo unyanyuke.

Wapo ambao nusu saa hii si yao kwa sasa. Mwenye kondo la nyuma lililotangulia mlango wa kizazi mimba ikiwa kubwa. Aliyeshonwa shingo ya kizazi. Ambaye chupa imepasuka au uchungu umeanza mapema. Mwenye presha kali ya mimba. Mwenye ugonjwa mzito wa moyo au mapafu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, na hapa pwani kwa ajili ya malaria hawa si wachache. Huyo vidonge vya kuongeza damu kwanza, matembezi baadaye. Wote hao waongee na mtoa huduma wao. Na yeyote yule, akiwa katikati ya mazoezi akaona damu, au maji yanatoka, au tumbo linakaza kwa mpangilio, au kifua kinauma, au kichwa kinamuuma vibaya, au shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, asimalizie hata hatua kumi. Aende kituoni. Vivyo hivyo akiona mtoto amepunguza kucheza.

Sasa tufanye zoezi moja hapa hapa, na akina baba mnaweza kufuatisha, nanyi mnayo misuli hiyo. Kaeni wima. Miguu chini. Chukulia umekaa na mkweo sebuleni, na tumbo limejaa hewa inayotaka kutoka. (Kicheko kirefu.) Si unaizuia? Ukivuta ndani, kama unainua kitu juu kutoka chini. Hiyo ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga, iliyobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo. Usikaze matako. Usibane pumzi, ukibana pumzi unasukuma chini badala ya kuinua. Nakuona mama wa kitenge cha kijani, mabega yamepanda hadi masikioni, yashushe. Shikilia sekunde sita hadi nane. Achia, polepole, hadi mwisho. Kuachia nako ni sehemu ya zoezi. Rudia mara nane hadi 12. Mara tatu kwa siku. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, ukisubiri ugali uive. Hakuna atakayejua. Ila msiyafanye mara kwa mara kwa kukata mkojo chooni, hiyo inachanganya kibofu.

Mazoezi haya yaliandikwa na daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, na baadaye tafiti zikaonyesha kwamba mwanamke ambaye bado hana tatizo, akianza akiwa mjamzito, anapunguza uwezekano wa kuchuruzikwa na mkojo mwishoni mwa mimba na miezi baada ya kujifungua. Ninalisema kwa sauti kwa sababu tumelifanya jambo la aibu. Wapo wanawake waliokata safari za harusini, waliokata hata kwenda kanisani na msikitini, kwa ajili ya mkojo. Wanavaa vitambaa viwili vitatu ndani, wanajipulizia marashi, wanakaa viti vya nyuma. Wanadhani ndivyo mwanamke aliyezaa anavyotakiwa kuwa. Sivyo. Ni misuli, na misuli inafundishika hata ukiwa na miaka 60. Ikikushinda, yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, muulizeni, hatashangaa. Na aliyepata mkojo unaotoka mfululizo bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu, huyo si wa mazoezi. Hiyo ni fistula, inatibiwa kwa upasuaji, aje tumpeleke.

Mtaniuliza: haya mazoezi ya miezi tisa kweli yanafika miaka 50? Swali zuri, na jibu langu ni la tahadhari. Daktari James Clapp, Mmarekani, alianza miaka ya 1980 kuwafuatilia wanawake waliokuwa na mazoezi kabla ya mimba. Wengine waliendelea nayo wakiwa wajawazito, wengine wakaacha. Mwaka 2008 akaandika habari zao walipokaribia ukomo wa hedhi: walioendelea hawakuwa wameongezeka uzito sana kama wenzao, pumzi yao ilikuwa bora, na viashiria vya moyo vilikuwa vizuri. Lakini kundi lilikuwa dogo, na walijichagua wenyewe. Inawezekana kabisa mwanamke anayeng'ang'ania matembezi akiwa na tumbo la miezi minane ni yule yule atakayeng'ang'ania hata baada ya hapo. Mimi ninavyoona, faida yenyewe imekaa hapo hapo. Ni wakati gani mwingine mwanamke wa kwetu anaonana na mtu wa afya mara nane, na familia nzima inajali anakula nini? Tabia iliyoanza wakati huo ina nafasi ya kubaki, ikiwa hatutaivunja wenyewe.

Nasi huwa tunaivunja, ndani ya arobaini.

Siipingi arobaini. Nimezaa hapa hapa pwani, nimekandwa maji ya moto na bibi yangu, nimefungwa tumbo kwa kanga, nimenyweshwa uji wa pilipili manga. Mzazi anahitaji kupumzika na kuhudumiwa, na nchi tajiri zinatuonea wivu kwa hilo. Ila kupumzika siyo kulala siku 40 bila kukanyaga chini. Mzazi, hata aliyefanyiwa upasuaji, anatakiwa ainuke mapema atembee taratibu ndani na uani, kwa sababu damu kuganda miguuni ni hatari kubwa zaidi katika wiki hizo kuliko hata wakati wa mimba. Mazoezi ya sakafu ya nyonga aanze akishasikia nafuu. Vitu vizito asubiri, na aliyepasuliwa asubiri zaidi hadi kidonda kipone na aangaliwe. Baada ya wiki sita, nusu saa irudi. Na kwa wanaosema mama akitembea juani maziwa yanachacha, hapana, hayachachi. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayayaharibu. Mnyonyeshe mtoto kwanza ili matiti yawe mepesi, uende, urudi.

Halafu ile kadi. Mnajua inakuwaje. Mtoto akizaliwa, anapata kadi yake. Kadi ya mama inafungia vitumbua, au inabaki chini ya godoro hadi panya waione. Kila mwezi tunampeleka mtoto kliniki, anavalishwa ile kaptura ya mzani, ananing'inizwa, analia, nesi anaweka nukta kwenye mstari. Mama amesimama pembeni ameshika nepi. Huyu huyu presha yake ilifika 160 kwa 110 miezi michache iliyopita. Mashine ya presha iko mezani, hatua mbili kutoka alipo. Hakuna anayemfunga mkononi. Miezi tisa anachanjwa mtoto, mwaka na nusu anachanjwa mtoto, mama anarudi nyumbani. Nimemwona mmoja wa aina hiyo akiletwa baada ya miaka, mdomo umepinda, mkono mmoja haunyanyuki. Ndugu zake wakasema presha imemwanza ghafla. Nikamuuliza dada yake kuhusu mimba zake. Akaniambia mbili kati ya hizo alilazwa kwa presha.

Kwa hiyo aliyepata kisukari cha mimba apimwe sukari ndani ya wiki nne hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote. Aliyepata presha ya mimba apimwe presha kila mwaka, na akija mtoto mwingine aseme mapema, siku ya kwanza ya kliniki, maana kuna dawa ya kumpunguzia hatari inayoanzwa mimba ikiwa changa. Na wote hao wawili waendelee kutembea. Marekani waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba na ambao sukari yao ilikuwa tayari inaanza kupanda. Waliofundishwa kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kidogo walipata kisukari pungufu kwa asilimia 35 kuliko ambao hawakupata mafunzo hayo. Ni zile zile dakika 150. Ni ile ile nusu saa. Haiishi siku kitovu kinapokatwa.

Maswali tutayachukua baada ya chai. Ila kabla hamjanyanyuka: nesi amekaa kwenye meza pale kulia, ana mashine ya presha na kipima sukari. Foleni ya kwanza ni ya wale waliowahi kuambiwa wana presha au sukari wakiwa na mimba, hata kama mtoto mwenyewe sasa yuko kidato cha nne. Foleni ya pili ni ya wenye mimba sasa hivi. Akina baba nanyi mtapimwa, lakini mtakaa nyuma, na wakati mnasubiri kuna ndoo nne za maji ya chai zinatakiwa kutoka bombani hadi jikoni.